Niliitwa Ng'ambo ya Busisi

Mimi ni mwalimu wa Biblia kanisani kwetu Butimba, na somo langu la mwezi huo lilikuwa namna ya kuitambua sauti ya Mungu. Naombeni mnihurumie.

Jumamosi asubuhi, nikiwa naomba, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Vuka uje ng'ambo. Watu wana njaa, wanakusubiri." Machozi yakanitoka. Nilipofika kwenye mazoezi ya kwaya sikutaja simu. Nilisema nimesikia sauti, maana ilipendeza zaidi. Kwaya nzima ikapanda gari kunisindikiza, pamoja na mzee wa kanisa.

Tulivuka daraja la Busisi tukiimba. Ng'ambo, kweli, tukakuta mafundi ujenzi wanane wamekaa juu ya matofali, wamenuna. Mwili ulinisisimka. Nikashuka, nikainua Biblia na kutangaza, "Nimekuja!"

Fundi mmoja akachungulia nyuma yangu. "Ugali uko wapi?"

"Nimewaletea chakula cha roho."

"Sisi tulimwandikia mama lishe," akasema mwenzake, akapiga ile namba aliyoiandikia asubuhi. Simu ikaita mfukoni mwangu.

"Mwalimu, hebu nione," mzee wa kanisa akasema. Nikampa simu. Akausoma ujumbe polepole, kila mtu akisikia, kisha akanitazama.

"Na ile sauti uliyotuambia, uliisikia wapi?"

"Sikuisikia, mzee," nikasema. "Niliisoma."