Kuna Watu Wako Njiani

Wajukuu wangu wakinikuta nimetega sikio redioni kusikiliza habari za roketi, hunicheka. Bibi na anga wapi na wapi! Wacheke tu. Nilianza kufuatilia mambo hayo kabla mama zao hawajazaliwa, nikiwa bado bibi harusi huku Nyamwaga, na aliyenianzisha hakujua kuandika hata jina lake.

Huyo ndiye aliyenioa. Ndiyo, mwanamke. Kwetu Wakurya, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana ili amzalie, mji wake, yaani kaya yake, usife. Tunaiita nyumba ntobhu. Ng'ombe walitoka kwake wakaenda kwa baba yangu, kijijini Itiryo, nami nikaja kwake, nikamwita mama. Mwanamume aliyechaguliwa alikuwa anakuja na kuondoka, na katika hadithi hii hana nafasi. Mwaka ukapita bila mimba. Majirani wakawa wananitazama tumbo kabla ya uso. Nilijua nikishindwa kuzaa nitarudishwa kwetu, na ng'ombe nao warudi. Ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshampenda yule mama, na sikujua kama yeye ananipenda mimi au anasubiri tumbo tu.

Jioni, tukitoka shamba la kijiji, tulifungua redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, basi nikajiona profesa. Kila habari ya anga nilimfafanulia, na nisichokijua nilikitunga.

Masika moja redio ikasema Wamarekani watatu waliokuwa wakienda mwezini wamepatwa na balaa. Mtungi wa hewa umepasuka, hawawezi tena kutua, na haijulikani kama watarudi wazima. Mama akashika kifua.

"Hao watoto wana mama zao?"

"Watakuwa nao, mama."

"Basi kesho usifagie."

Mji ule ulikuwa na mwiko wake: mtu akisafiri, uwanja haufagiwi mpaka ijulikane yu salama, usije ukafuta nyayo zake za kurudia. Na mama huyu alikuwa msafi wa kuudhi. Ukidondosha ganda moja la ndizi, utasemwa mpaka jioni.

"Lakini mama, hao hawakuondokea hapa!"

"Wameondokea ardhini. Huu uwanja si ardhi?"

Ufagio ukabaki nyuma ya mlango. Uwanja ukajaa mavi ya mbuzi na majani ya migomba. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita kukagua usafi, akashangaa.

"Shikamoo mama. Uchafu gani huu? Hiki ni kijiji cha ujamaa!"

"Marahaba. Kuna watu wako njiani."

"Watu gani?"

"Wa mwezini."

Akaondoka akitikisa kichwa. Mama hakumjali, alikuwa na shida yake nyingine: watu watageuzaje chombo kibovu? Nikamwambia redio imesema watauzunguka mwezi, na mvuto wake ndio utawarusha kurudi nyumbani. Hakuelewa. Nikachukua kombeo la kufukuzia ndege wa mtama, nikatia jiwe, nikalizungusha kichwani na kuliachia. Likaenda kuangukia migombani, kuku wakatawanyika. "Mwezi ndio mkono," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku redio ilipotangaza kwamba wameangukia baharini wakiwa hai, alipiga vigelegele, majirani wakadhani pamezaliwa mtoto. Mimi mjinga nikasema, "Lakini mwezi hawakuukanyaga. Wameenda bure."

Akanigeukia, amekasirika kweli. "Bure? Watu wamerudi nyumbani, wewe unasema bure?" Akachukua ufagio mwenyewe, akafagia uwanja wote huku akinung'unika.

Baadaye nikapata mimba. Furaha ya mama sitaieleza, nitalia. Kabla ya miezi kutimia nikashikwa na uchungu, nikapelekwa hospitali mjini, Bomani. Mtoto hakuishi. Nikabaki kitandani kwa homa, wiki baada ya wiki. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, na magoti ya mama hayakuiweza safari ile. Niliambiwa tu kwamba habari za mtoto zimemfikia. Nikageukia ukutani. Sasa alijua kwamba sina nilichomletea.

Niliporuhusiwa, nikapanda lori la mahindi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: Mama, nisamehe, nirudishe tu Itiryo.

Nilipofika mlangoni pa mji nikasimama. Uwanja haukuonekana. Majani makavu ya migomba, maganda ya mahindi, mavi ya mbuzi yaliyolowa na mvua na kukauka tena, kuku wanachakura humo kama jaani. Na katikati ya uchafu ule, mwanamke msafi kuliko wote Nyamwaga amekaa kwenye kigoda, anatazama njia.

Maneno niliyoyapanga yakapotea yote. "Mama," nikasema, "nimerudi mikono mitupu."

Akainuka polepole, magoti yakimsumbua, akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili. Akanitazama machoni. Tumbo hakulitazama hata kidogo.

"Umerudi," akasema, machozi yakimtoka. Kisha akanishika mkono kuniingiza ndani. "Ufagio uko nyuma ya mlango, mwanangu, niletee. Balozi amenipigia kelele vya kutosha."