Mjomba Pius Kwenye Orodha ya Marejeo

Mwenzenu nimeificha aibu hii mwaka mzima, na ninaisimulia leo kwa sababu Mjomba mwenyewe ameshaitangaza kwetu Mgeta nzima, kwa hiyo heri muisikie kwangu.

Nilikuwa namalizia tasnifu ya shahada ya pili, chuo kimoja hapa Morogoro, kuhusu matuta ya ngazi ya kule kwetu milimani. Nilichokijua kuhusu matuta nilifundishwa shambani na Mjomba Pius, kaka yake mama (na sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho), lakini kila nikiandika sentensi ya maana, msimamizi wangu ananirudishia na kalamu nyekundu: "Chanzo?" Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, nikikwama tena ndiyo basi.

Sasa kuna ile programu ya kompyuta inayokupangia marejeo, unaipa jina la mwandishi, mwaka na jina la kitabu, nayo inapachika kwenye maandishi na kukuandalia orodha mwishoni. Siku moja nimechoka, nikasema ngoja nimweke Mjomba kwa muda tu, kitabu cha kweli nitatafuta baadaye. Nikaandika jina lake la ukoo, Mkude, P. Programu ikadai jina la kitabu, nami kwa utundu wangu nikaandika "Maneno ya Mjomba Akishaonja Kangala" (kangala ni pombe ya mahindi, na Mjomba akionja kidogo ndipo darasa linapofunguliwa), na kwenye mchapishaji nikaweka "Jikoni kwa Bibi". Nikacheka peke yangu.

Tatizo ni kwamba ndani ya maandishi ilitokea Mkude na mwaka tu, kwenye mabano, nadhifu kabisa kama maprofesa wengine. Kalamu nyekundu ikanyamaza. Msimamizi akaniambia anaona sasa ninasoma. Jamani nikanogewa, kila penye shimo nampachika Mjomba, na ile baadaye yangu haikufika, maana siku ya kukabidhi niliibofya programu ipange orodha, nikachapisha bila kuangalia kurasa za mwisho. Nilijiambia, nani anasoma marejeo?

Watahini wanasoma marejeo.

Siku ya kutetea, Mjomba akateremka bila kualikwa, eti mtoto wa dada yake hawezi kuhojiwa na wageni akiwa peke yake. Nikampokea asubuhi kituo cha mabasi cha Msamvu, kavaa koti lake la harusi na mazishi, kashika furushi la njegere za kuwapa walimu. Akaenda kukaa kiti cha mbele, furushi mapajani.

Niliwasilisha vizuri tu. Kisha mtahini wa nje, mama mmoja mpole wa miwani, akauliza huyu Mkude ni nani, maana nimemnukuu mara kumi na tisa, zaidi ya mtu mwingine yeyote, na yeye kafanya kazi ya udongo miaka mingi hajawahi kumsikia. Akaomba ukurasa wa marejeo uonyeshwe ukutani. Ukaonyeshwa, na katikati ya Kiingereza chote kile kulikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili, kwa ukubwa wa ukuta.

Watu walicheka. Nilimtazama Mjomba. Yeye husoma polepole, midomo ikicheza, na niliona midomo ilipofika kwenye kangala ikasimama. Shahada niliisahau hapo hapo. Mtu aliyenibeba mgongoni kwenye matuta yale, nimemwanika mbele ya wasomi kama mlevi.

Nikakiri kwamba si kitabu, ni mjomba wangu, na ndiye yule pale. Mama wa miwani akamgeukia.

"Shikamoo mzee. Haya maneno ni yako?"

Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Marahaba. La kufukia majani chini ya tuta kabla hayajatoa mbegu, hilo nilisema nikiwa mkavu, sijaonja kitu. Mengine mwulizeni mwandishi."

Akaulizwa kwa nini kabla ya mbegu, basi akaweka furushi mezani liwe mfano wa mlima, akaeleza mpaka watahini wakatoa kalamu, mimi nimesimama pembeni kama mlingoti. Mwisho nikaambiwa nimefaulu, ila nirekebishe: nipande mlimani nikamhoji Mjomba rasmi, nimwandike kama mahojiano, kwa jina lake kamili.

Nikapanda, nikamwomba radhi. Akasema kangala haimsumbui, ni kweli anakunywa. Kilichomsumbua ni kingine.

"Hiyo kompyuta, mpwa wangu, ikishaniandika, nikifa inanifuta?"

"Haifuti, Mjomba."

Akaingia ndani, akarudi amevaa koti. "Haya, andika."

Tangu siku ile sijazi kwenye programu jambo nisiloweza kulisoma mbele ya mwenyewe, hata kwa mzaha, hata kwa dakika moja. Mjomba naye, mtu akimbishia kwenye mkutano wa kijiji, humwuliza taratibu yeye amenukuliwa mara ngapi.