Viti viwili vilivyoivunja kanuni ya Mama Namba

Saa nne na robo asubuhi, Mama Namba amepiga magoti mbele ya kiti cha 12,168 katika uwanja wa mpira. Brashi iko mkononi lakini hapaki rangi. Anacheka peke yake.

Kazi yake ni kuandika namba kwenye viti, mia nne kwa siku. Leo ni siku ya thelathini na moja, na magoti, anasema, "yameshaomba kustaafu." Rangi inapokauka, yeye huchambua namba akitafuta zile ziitwazo namba zenye nguvu.

"Ukiivunja hadi namba tasa, kila moja lazima ije na mwenzake," anaeleza. "Thelathini na sita ina mbili, mbili, tatu, tatu. Inapita. Kumi na mbili ina mbili, mbili, halafu tatu peke yake. Hiyo irudi nyumbani."

Inayopita huiwekea nukta nyekundu nyuma ya kiti. Kadiri viti vinavyoongezeka, mapengo kati ya nukta kwa kawaida hupanuka. Mara chache sana nukta mbili hukaa bega kwa bega: 8 na 9, 288 na 289, 675 na 676, 9,800 na 9,801. Kila jozi ina namba ya mraba. 289, kwa mfano, ni 17 mara 17.

Basi akatunga kanuni: majirani hawa hawakosi mraba. Kaka yake, mwalimu wa hesabu, akamwalika aieleze Jumamosi hii mbele ya walimu sitini. Mama Namba hakumaliza hata shule ya msingi.

Leo 12,167 imepita: ni 23 mara 23 mara 23. Na 12,168 nayo imepita: 2 zimo tatu, 3 zimo mbili, 13 zimo mbili. Hakuna mraba hapo. Mwandishi, ambaye hesabu zilimpiga chenga tangu utotoni, amekokotoa mwenyewe. Ni kweli.

"Nimerudia mara nne. Nikaona aibu, halafu furaha ikanishinda."

Anampigia kaka yake. Kaka anamwambia: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mdogo wangu. Lakini Jumamosi utasema nini?"

"Nitawaambia nilivyokosea," anajibu. "Kisha nitawauliza kuhusu namba tatu zenye nguvu zinazofuatana. Kaka, umewahi kusikia aliyezipata?"

"Hakuna aliyezipata."

Vimebaki viti mia nane na ushee. Mama Namba anachovya brashi. "Basi nafasi bado iko wazi," anasema, na kusogea kiti kimoja mbele.