Mama Alikuja Saa ya Tamthilia

Iko Alhamisi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa mke kijana hapa Bariadi mjini, nina watoto wawili na cherehani yangu, na mume wangu alikuwa amenunua televisheni baada ya kuuza pamba. Mtaa mzima zilikuwa nyumba tatu tu zenye televisheni. Basi nikajiona mtu mkubwa.

Kila siku saa kumi jioni ilikuwa saa ya tamthilia. Usinicheke. Ilikuwa ya kigeni, ya binti aliyeibwa hospitalini akiwa mchanga, akakulia kwenye umaskini, halafu akaja kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya wazazi wake mwenyewe bila kujua. Tuliililia ile, we acha tu. Wanawake walijaa sebuleni kwangu mpaka mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa mfasiri, maana watu wale walisema Kiingereza na mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne. Niliwajua wote na ukoo wao, nani shangazi wa nani, nani ana mtoto wa nje. Mteja akija kuchukua gauni lake saa hiyo, anakaa chini asubiri. Wengine walinizoea wakawa wanakuja asubuhi.

Alhamisi hiyo mama yangu alikuja kutoka Ngulyati. Alipanda lori lililokuwa limeleta pamba mjini, na lilikuwa lirudi jioni ile ile. Alinibebea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, akijua navipenda. Alipobisha hodi, yule binti wa kwenye tamthilia alikuwa karibu kuonwa alama aliyozaliwa nayo begani. Tulikuwa tumeisubiri alama hiyo mwezi mzima.

Sasa nikueleze jambo, maana ninyi mliozaliwa mjini hamlijui vizuri. Kwetu Usukumani mgeni hafiki tu akasema kilichomleta. Unampigia goti, unamsalimu, unampa maji, anakaa, anapumua. Halafu unamwomba habari za huko alikotoka. Ukishauliza ndipo anafungua neno lake. Usipouliza, ananyamaza nalo. Na mama yangu alikuwa mtu wa taratibu hizo kuliko wote niliowahi kuwaona. Chakula cha mtu hakukigusa mpaka akaribishwe mara mbili.

Mimi nilimpigia nusu goti, nikamsalimu kwa Kisukuma huku macho yangu yakiwa kwenye televisheni.

“Mwadila, mayu.”

“Mwadila, ng'wana wane,” akaitikia. Mama aliyemzaa mtu anamwita mwanangu, na mtu mwenyewe hamtazami.

Nikamwambia angoje kidogo, inaisha sasa hivi. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kanga yake magotini. Na mimi, kwa kujifanya mwema, nikaanza kumsimulia: huyu ni fulani, yule mwenye hereni ndiye mwizi wa mtoto. Mama alisikiliza kwa adabu zake zote. Baadaye akauliza, “Huyo msichana anayelia, hana dada mkubwa?”

Nikacheka. “Anaye, mayu, ila hawajuani.”

Hakuuliza tena. Ikaisha, alama haikuonekana, wanawake wakapiga kelele, tukaanza kubishana itakuwaje kesho. Honi ya lori ikalia barabarani. Mama akasimama, akajifunga kanga. Nikampa sukari na sabuni, nikamsindikiza mpaka mlangoni tu. Nisikufiche, mwanangu, nilifurahi kwamba hakunikatiza.

Jumapili, tumetoka kanisani, kaka yangu Masanja akaja na baiskeli. Masanja alioa kwa ng'ombe wa mahari yangu, na kwa sababu hiyo mimi nilikuwa na kauli nyumbani kwetu. Mama hakuwa nayo. Wazee wakikaa kuzungumza mahari, kazi yake ilikuwa kupika na kunyamaza. Lakini mimi, kama ningesema hapana, wangenisikiliza.

“Dada,” Masanja akasema, “ng'ombe wa Kabula wameingia jana.”

Kabula ni mdogo wetu wa mwisho. Nikamuuliza ng'ombe gani, na ameposwa lini. Akanitazama kama hanielewi.

“Baba mkubwa aliuliza kikaoni kama umepewa taarifa. Mama akasema alifika kwako Alhamisi. Wazee wakasema, basi, angekuwa na pingamizi angekuja. Tukajua umekubali.”

Ndipo nikaambiwa na mengine. Kabula alikuwa amepata barua ya kwenda chuo cha uuguzi, na barua ilikuwa nyumbani wiki ya tatu. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Mimi niliyejua mtoto wa nje wa kila mtu kwenye tamthilia, hilo sikulijua. Na Jumamosi ile kikao kinakaa, nilikuwa sebuleni kwangu naangalia marudio.

Nilikwenda Ngulyati mchana ule ule. Nilimkuta mama amekaa kwenye turubai, anachambua pamba, safi anaweka huku na chafu kule. Safari hii nilipiga magoti yote mawili.

“Kwa nini hukuniambia, mayu?”

Hakuacha kuchambua. “Nilikaa nikasubiri uniulize. Nikasema moyoni, ikiisha ataniuliza. Ikaisha, mkaanza kuisimulia upya.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Ningeshukuru kama angenitukana.

Nikaenda kwa baba mkubwa, aliyeongoza kikao, nikamwangukia. Alikuwa mzee mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Mwanangu, ungekuja juzi. Ng'ombe tumeshagawana na wakwe tumewapa neno. Unataka nikawaambie tulikuwa tunatania?” Nikarudi mjini. Wiki hiyo sikuwasha televisheni, lakini hiyo ilimsaidia nani?

Kabula akaolewa Shishiyu. Mume wake si mtu mbaya, sitamsingizia. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa migumu kwa jembe, na barua ya chuo ilikuwa bado kwenye sanduku lake, chini ya nguo za mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga na maneno yangu. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza:

“Dada, yule binti wa kwenye tamthilia, wazazi wake walimjua mwishowe?”

Hakuuliza kwa kunichoma. Kabula hana moyo huo. Zamani nilikuwa nikienda nyumbani namsimulia, na hadithi yake ilikuwa imekatika.

“Walimjua,” nikasema.

“Afadhali,” akajibu, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na siku ile sikuwa namlilia mtu wa kwenye televisheni. Msamaha niliuomba baadaye, akanipa. Anasema yalishapita. Kwake labda yamepita.

Mwanangu, sikukatazi tamthilia. Ningekuwa mnafiki, maana mimi mwenyewe siku hizi nazifuata zile za Kituruki, tena umeme ukikatika katikati nanuna mpaka chakula kinanishinda. Kuna raha yake, na kuna mafunzo yake. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba wakati wetu kipindi kilikuwa hakisimami, si kama ninyi mnaokisimamisha kwenye simu kwa kidole. Ni uongo. Marudio yalikuwepo kila Jumamosi, na saa yake niliijua. Mama yangu ndiye hakuwa na marudio.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Mtu wako akiingia, inuka. Toa hivyo vidude masikioni, mgeukie mwili mzima, mpe maji, halafu muulize habari zake na unyamaze mpaka amalize. Akikuambia ni nzuri tu, muulize tena. Msemaji hatakupa shida, huyo atakukatiza hata kama unasali. Mwogope yule anayekaa karibu na mlango na kanga yake magotini, akakuambia usijali, endelea tu. Huyo ndiye amekuja na jambo. Na neno “ngoja kidogo” lifute kinywani mwako ukiwa mbele ya mzazi, kwa sababu atangoja kweli, halafu ataondoka.

Mungu akupe maisha marefu na nyumba yenye wageni wengi. Akupe na masikio ya kuwasikia, na asiwepo hata mmoja atakayetoka mlangoni kwako akarudi na neno lake kifuani.