Mapasa Wawili na Samaki Mmoja

Mapasa wangu, yaani mapacha wa kike, walizaliwa Kolwezi, huko Katanga, katika kambi ya wafanyakazi, wakati kampuni ya shaba ilikuwa ingali inalisha watu. Mi ni mtu wa Kasai, jimbo jingine, kwa ukoo tu. Babu ndiye aliyeletwa kuchimba, sisi wengine tulizaliwa hapo hapo juu ya shaba. Sikusoma sana, lakini majina sisahau: jirani wote wa avenue yetu ninao kichwani, nyumba kwa nyumba, pamoja na mbwa wao. Hapa sitawataja, kwa sababu wengine wangali hai na hawakuniomba.

Kwetu mapasa ni wakubwa tangu siku wanapozaliwa. Mama yao anabadilishiwa jina, na wao wanaimbiwa nyimbo zao, nyimbo za matusi, ndiyo, watu wanatukana na kucheka, hiyo ndiyo heshima yao. Na kuna sheria iliyo juu ya zote: ukimpa huyu, mpe na yule, kitu kilekile, kipimo kilekile. Ukimpunguzia mmoja atakasirika, na pasa akikasirika anarudi alikotoka.

Wa kwanza alizaliwa na kifua kibaya. Alibaki hospitali muda mrefu, sindano asubuhi, sindano jioni, dawa za kuua mikrobe. Wa pili nilirudi naye nyumbani. Alinyonya, akakua uani pamoja na kuku, nikigeuza mgongo anakula udongo. Wa kwanza alipoletwa, ngozi yake ilianza kupasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Alijikuna mpaka damu. Kifua kililia kama kuna paka ndani.

Halafu samaki. Kila tukila samaki, midomo ya wa kwanza inavimba. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa anagawa chakula katika nyumba ile. Aliangalia midomo, akatoa hukumu: vipande havikuwa sawa, mtoto amekasirika. Mara nyingine akapima vizuri zaidi. Ikavimba tena. Basi akaanza kumwongezea wa kwanza kidogo, ili hasira imtoke. Tuliishi hivyo: tunamwomba mtoto msamaha kwa samaki, kumbe samaki ndiye anayemuumiza.

Kisha mambo yakaharibika. Mshahara ulichelewa, halafu ukasahau njia. Mashine zilinyamaza, zahanati ikabaki kitanda na mlango. Ndipo ikaja ile habari ya nani mwenyeji na nani mgeni. Vijana walipita avenue wakiimba, wakituita bilulu, yaani wadudu, wakisema turudi kwetu. Kwetu wapi? Kasai mi nilikuwa naisikia tu. Tulifunga mizigo tukaenda stesheni kungoja treni, na pale tukakuta watu wengi kuliko soko. Tulitandika chini vikwembe, zile nguo zetu za kujifunga, tukakaa. Treni haikuja.

Jirani yetu mmoja wa kambini, mama wa kaskazini ya Katanga, yeye mwenyeji, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, hakujali waliomwangalia vibaya. Alifika na sufuria kichwani: bukari, ndiyo ugali, na ndagala, wale samaki wadogo wa kukaushwa. Mama mkwe alifurahi. Ndagala ni wepesi kugawa sawa. Alimwekea huyu, akamwekea na yule, akawaambia wale.

Wa kwanza hakumaliza. Alishika shingo. Midomo ilivimba, macho yakafuata, kisha sauti ikaisha. Kifua kilikuwa kinavuta na hewa haiingii. Mume wangu alikimbia kati ya mizigo ya watu akiuliza kama kuna munganga wa hospitali. Akarudi na muuguzi wa zamani wa zahanati, mama mzima, naye amefukuzwa kama sisi. Alikuwa amebakiza dawa kidogo kwenye mkoba, chini ya nguo. Akamchoma mtoto sindano pajani. Tukangoja. Mi nilikuwa nimeshika mguu mmoja wa mtoto, sijui kwa nini mguu. Hewa ikaanza kurudi kidogo kidogo, kama maji yanavyorudi kwenye bomba.

Muuguzi aliuliza alikula nini. Mama mkwe akamweleza yote, habari ya kipimo na habari ya hasira, akisema pengine leo pia mkono wake ulikosea.

“Nkambo, bibi yangu,” muuguzi akamwambia, “haiko kipimo. Ni samaki. Ukimupa tena, atakufa.”

“Na mwenzake? Anakula ileile, hana kitu.”

“Banatoka mu tumbo moja. Lakini kila mutoto iko na tumbo yake.”

Akatueleza kwamba ndani ya matumbo ya kila mtu wanaishi vijidudu vidogo, macho hayavioni, na vingi ni vya kutusaidia. Dawa kali inayoua vijidudu vibaya inaua na vile vizuri. Wa pili alipata vyake kwenye ziwa langu na uani. Vya wa kwanza, nani anajua vilibaki vingapi baada ya zile sindano. Hakuapa. Alisema pengine.

Tata mmoja, mzee aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake alisikia. “Kumbe hata mu tumbo banafukuzaka bilulu,” akasema, na stesheni nzima upande ule ilicheka. Tulikuwa tumesahau kucheka.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumerudi Kolwezi na mapasa wenyewe ni mama za watu, daktari kijana alituambia jambo hilo kwa maneno mengi zaidi. Wataalamu, alisema, wanaangalia choo cha watu wenye pumu, wenye ngozi ya kuwasha, wenye kukataliwa na chakula, na mara nyingi wanakuta bakteria wa matumboni mwao si sawa na wa watu wengine: aina hii imepungua, ile imezidi. Kama ugonjwa ulitangulia au mabadiliko yalitangulia, bado wanatafuta. Dawa ya kuwarudisha bakteria hao wakae kama zamani haijapatikana. Wa kwanza aliuliza kama kweli alisema choo. Kweli, choo. Wa pili akaingilia: “Basi na yangu muangalie, dokta. Sisi ni mapasa.” Yule kijana aliweka kalamu chini. Mi nilicheka mpaka machozi, na si kicheko tu. Kumbe haikuwa maziwa yangu, niliyoyalaumu kimoyomoyo miaka yote, na mtoto wangu hakuwahi kunikasirikia.

Lakini pale stesheni hatukuwa na daktari. Tulikuwa na sheria. Mama mkwe aligeuza jambo hilo kichwani mpaka kesho yake. Akimnyima wa kwanza samaki, anamdharau. Akimpa, anamuua. Mume wangu alitaka kuamua, mama yake akamwambia anyamaze, yeye hakuzaa mapasa.

Jirani alirudi mchana. Habari alikuwa amezisikia, akaleta sufuria mbili: moja ya ndagala, moja ya viazi vitamu na sombe, yale majani ya muhogo. Watu walimwangalia mama mkwe. Alichukua sahani mbili za bati, za ukubwa mmoja. Hii akaijaza ndagala, hii viazi. Akasawazisha kwa kiganja, akainama kuzitazama kwa ubavu, akapunguza, akaongeza. Alipoziweka mbele ya watoto alisimama, mwanamke wa umri ule, akaimba wimbo wa mapasa na matusi yake yote, kwa sauti, kati ya mizigo. Watu wakapiga makofi, wengine wakaitikia. Akamaliza, akawainamia.

“Ninyi mapasa, musikasirike. Heshima ni moja. Byakula ni bibili, juu matumbo ni mabili.”

Wa pili alinyoosha mkono kwenye sahani ya dada yake kabla hajagusa samaki. Mama mkwe alikauka. Mtoto akachukua kiazi kimoja, akakitafuna, akarudi kwenye ndagala zake. Wa kwanza alikula viazi vyote akalamba sombe. Tulitazama midomo yake, wote, hata yule tata wa juu ya mzigo. Midomo ilibaki midomo. Ngozi aliendelea kuikuna, hiyo ndiyo, lakini alikuna kama mtu anayefikiria mambo mengine, kisha akajilaza kwenye kikwembe.

Mama mkwe aliweka sikio kifuani mwake, akakaa hivyo muda mrefu.

“Iko nalala tu, mama ya mapasa,” akaniambia. “Na weye kula.”