Mwenye Nganda Aliyelalamika kwa Kutolalamikiwa

Wasomaji wangu wa upande huu wa Kalemie hamkuhitaji kuambiwa na redio. Mlijua mlipoamka asubuhi mkasikia mawimbi ya ziwa. Kwa miaka yote niliyokaa mtaa huu sikujua kwamba mawimbi hufika hadi dirishani kwangu, maana kati yangu na ziwa kulikuwa na baa ya jirani yangu, nganda kama tunavyoita, na nganda hiyo ilikuwa na spika zenye kimo cha mtu mzima. Jirani amefariki. Moyo ulisimama mchana kweupe akipanga kreti za bia, wimbo ukiendelea. Nilimshtaki kwa shefu wa mtaa mara nyingi sana, na kila mara alinitumia sahani ya samaki wa kukaanga na salamu, kisha akaongeza sauti. Sasa amenyamaza, na usingizi umenikataa.

Kila nyumba yenye mtoto mchanga iligombana naye. Akina mama walikwenda kumtukana watoto wakiwa mgongoni, naye alipokea matusi hayo kwa furaha isiyoeleweka. Aliuliza mtoto ameamshwa na wimbo gani, akamchungulia, akaridhika. Nyumba moja tu, iliyopakana na ukuta wa nganda, haikuwahi kulalamika. Wazazi wake walikuwa vijana, na binti yao wa kwanza alikuwa bado hajaanza kutambaa. Siku moja jirani yangu akavaa koti na kwenda kwao. Nikamfuata mbio, nikidhani hatimaye anakwenda kuomba radhi.

“Mama, mi nakuja kulalamika,” alimwambia mama wa mtoto. “Kartie nzima, mutaa yote, inanitukana juu ya muziki. Ninyi tu hapana. Juu ya nini?”

“Mutoto wetu njo wa amani, Papa. Analala tu. Hata treni ilie, analala.”

“Muziki yangu hata mbuzi inakimbia. Ile haiko amani, Mama. Mumupeleke ku hopitali, wamupime masikio.”

Alifukuzwa kwa ufagio. Mtaa mzima ukakasirika, nami nikiwemo, kwa sababu mtoto yule alikuwa fahari yetu. Wanawake walimbeba kwa zamu ili watoto wao waambukizwe upole. Krismasi ilipokaribia, kanisa likatafuta mtoto wa kulala horini katika igizo bila kuamshwa na ngoma, na hakuna aliyebisha: binti yule ndiye atakuwa Mtoto Yesu. Basi ibada imepamba moto, malaika wanaimba, mamajusi wamefika, mara mwenye nganda, ambaye kanisani alionekana kwenye maziko tu, akatokea nyuma ya hori na vifuniko viwili vya sufuria, akavigonganisha kwa nguvu zake zote. Mchungaji akaruka. Yosefu akaangusha fimbo. Mbuzi, aliyekuwa mbuzi wa kweli, akatoka mbio na kitambaa cha madhabahu. Mtoto Yesu akaendelea kunyonya kidole.

Wazee walikuwa wameshamkamata mikono wakati mama wa mtoto alipofika mbele. Tulidhani anakuja kumpiga kofi. Akachukua vile vifuniko, akasimama nyuma ya kichwa cha bintiye, akavigonga mwenyewe. Akagonga tena. Kisha akaviweka chini, akamwita mtoto kwa jina, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nilitamani sana mtoto yule alie. Kanisa zima lilitamani hivyo.

Tulipotoka nje nilimuuliza jirani kwa nini ajitie aibu namna ile. “Mutoto wangu wa kwanza tulisema iko kichwa nguvu,” akanijibu. “Ukimuita, hageuke. Walimu walimupiga, na mi nikamupiga. Alikuwa mukubwa ndiyo tukajua hasikie. Ile fimbo yote, Papa, ilikuwa ya bure.” Akaenda kufungua nganda.

Hospitali ilithibitisha, na wazazi wakatafuta watu wa kuwafundisha wote watatu kuzungumza kwa mikono, mtoto angali mdogo. Kusikia hakukurudi, walichopata ni muda. Nasi tunaupoteza ovyo. Pikipiki ikibadilisha mlio asubuhi, mchana iko kwa fundi. Lakini mtoto mchanga asiposhtushwa na kelele tunasema ana tabia njema; akifikisha mwaka bila kugeuka akiitwa kutoka nyuma, tunasema ana maringo; akipita wa pili bila maneno, tunasema babu yake naye alichelewa. Babu ameshakufa, hawezi kukanusha.

Juzi tulikaa kwenye matanga uani pa nganda. Spika zilikuwa zimezimwa kwa heshima. Binti yule, ambaye sasa anasoma na anagombana na wenzake kwa vidole vyenye kasi ya kutisha, aliingia na mama yake. Kila Jumamosi alikuwa akija kuegemeza mgongo kwenye spika kubwa, ngoma zimtikise mbavu, huku jirani yangu akicheza mbele yake na tumbo lake lote. Siku hiyo akaiwekea spika kiganja. Akangoja. Akahamia spika ya pili. Kisha akatugeukia sote akiuliza kitu kwa mikono, machozi yakimtoka, na mama yake akashindwa kutafsiri.

Mimi, niliyechosha masikio ya shefu kwa mashtaka, nikainuka. “Washeni,” nikasema. Mjane akauliza kwa sauti gani. “Ile yake.”

Wakawasha. Binti akafumba macho na kuegemeza mgongo wake pale pale. Mbuzi wakakimbia. Na toka nyumba hadi nyumba, hadi karibu na ziwa, watoto wachanga wa mtaa wetu wakaamka na kuanza kulia, na mama zao wakawaacha walie.