Magunia Mawili ya Samadi

Siku ile ya magunia naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nasimama, nakaa, nasimama tena. Nivumilie. Mama yako hajawahi kusimulia jambo hili akiwa ametulia.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka Burundi, nakaa huku ugenini, mtaa wa Fittja, kwa dada mmoja wa kanisani, nasubiri jibu la uhamiaji: nikae au nirudishwe. Kila asubuhi nilikimbilia barua kabla hata ya kunawa uso. Kusubiri kule kuliniingia mikononi. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilipanga viatu vya watu mlangoni bila kutumwa.

Aliyenitoa ndani ni Mzee Hamisi, Mtanzania aliyekuja zamani kusomea misitu, akaoa hapa, akazeeka hapa. Yeye na majirani wachache walitunza kilima cha mawe ya chokaa, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu. Udongo wake ni mwembamba, ukipiga jembe unagonga jiwe. Lakini mwezi wa Mei, mwanangu! Maua ya njano ya gullviva yalijaa pale mpaka nikasahau barua. Ikifika Agosti walifyeka nyasi zote, wakazikusanya kwa reki, wakazibeba na kuzitoa kilimani. Nilicheka kimoyomoyo. Nikajisemea, hawa watu wanachukua tu, ardhi hawailishi, nao wamesoma!

Mzee Hamisi akanipa kona ya juu, penye maua mengi kuliko kote. "Hii itazame wewe," alisema. Katika nchi hii hakuna aliyekuwa amenipa kitu cha kutunza. Nikaanza kuogopa kwamba nitafukuzwa kabla sijaacha chochote chema nyuma yangu.

Kwetu Gitega samadi ni zawadi ya heshima. Mama yangu aliwahi kumpelekea jirani aliyefiwa kikapu kizima, na yule mama akamshukuru huku akilia. Basi majani yalipoanza kupukutika nikaenda kwenye banda la farasi, nikaomba, nikajaza magunia mawili, nikapanda nayo basi. Watu walifungua madirisha. Mwanamke mmoja akahama kiti, kisha akahama tena. Mimi nimenyoosha shingo kama bibi harusi. Nikaimwaga samadi kona nzima, nikaichanganya na udongo kwa mikono yangu, nikiimba. Sikumwuliza mtu. Nilitaka waje washangae wenyewe.

Mei ikafika, wakashangaa. Kilima chote kilikuwa cha njano, isipokuwa kona yangu. Pale palikuwa na nyasi za kufika magotini na majani ya kuwasha. Gullviva hapakuwa na hata moja.

"Binti, umeweka nini hapa?"

"Samadi, Mzee. Nzuri, ya farasi." Nilikuwa bado natabasamu.

Akakaa juu ya jiwe. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Maua haya yanaishi hapa kwa sababu udongo huu hauna kitu," alisema. "Ukiushibisha, nyasi ndefu zinakuja kuyafunika. Ndiyo maana tunafyeka na kubeba. Miaka yote hii tunaunyima kwa makusudi."

"Nilitaka kusaidia, Mzee."

"Ulitaka kujituliza. Ungeniuliza, ningekuambia."

Nikasema nitaizoa yote siku hiyohiyo. Akatikisa kichwa, akasema ilikwishaingia ardhini, na ingetoka kwa kufyeka na kubeba tu, mwaka baada ya mwaka. Wiki mbili baadaye barua ikaja: nimekubaliwa kukaa. Nililia pale kwenye ngazi, na si kwa furaha peke yake. Mimi nimebaki, maua yangu yameondoka.

Mzee Hamisi ameshatangulia mbele ya haki. Mimi bado nakipanda kilima kile kila Agosti, nafyeka na kubeba. Mwaka huu kona yangu imetoa gullviva kumi na moja.

Sasa wewe unasubiri jibu la kazi uliyoomba kule Kista. Wiki hii umepaka rangi jiko langu bila kuniuliza, na umemtafutia dada yako nyumba ambayo hakuitaka. Nikisema neno unanijibu "lugn, mamma", eti nitulie, na mguu wako unatikisika chini ya meza. Nakujua. Umenirithi.

Kusubiri kunauma, mwanangu, sitakudanganya. Lakini mikono ikikuwasha, usiipeleke kwenye kitu cha mtu kabla hujauliza kinahitaji nini. Kuna kinachotunzwa kwa kuongezewa na kuna kinachotunzwa kwa kupunguziwa, na kwa macho tu huwezi kuvitofautisha. Mwulize aliyekaa nacho muda mrefu. Akikuambia kiache, kiache, hata kama usiku hulali.

Magoti yangu hayapandi vizuri tena. Agosti njoo na viatu vya maana. Reki ninayo, na kona ile sasa ni yako. Fyeka, beba, rudi nyumbani. Mungu akupe jibu unalolitaka, mwanangu, na likichelewa, akupe mikono inayojua kungoja.